Kabla hatujachapa "cheap" kwenye bango lako

Wateja wengi wanaotuletea kazi za mabango na menyu hutaka neno hili liandikwe kwa herufi kubwa. Muuza leso wa Biashara Street hapa Mombasa, mwenye nyumba ya kukodisha Nyali, mwenye boti ya kuwatembeza wageni, wote wanataka mpita njia ajue kwamba kwao haumizwi. Nia ni njema. Hata hivyo, huwa tunamketisha mteja kidogo tuzungumze kabla mashine haijawashwa.

Zamani neno hili halikuwa na doa. Katika Kiingereza cha kale lilihusu biashara, kununua na kuuza, na ndiyo maana mtaa mmoja wa soko la kale la London unaitwa Cheapside hadi leo. Siku hizi inategemea limekaa wapi. Tikiti ya ndege ikiitwa "cheap", abiria anafurahi. Likikaa mbele ya kitambaa, pete au chakula, Mwingereza anafikiria kitu duni, nguo ya kuchuja ikifuliwa mara ya kwanza. Leso nzuri ya pamba haistahili kuitwa hivyo!

"Affordable" humtazama mnunuzi: mfuko wake unaweza. Ndilo neno ambalo serikali yetu imelitumia kwenye mpango wa nyumba za bei nafuu, na kwa vyumba vya kukodisha linafaa sana. "Inexpensive" halisifu wala halilaumu, ila ni refu; liache kwa tovuti, maana aliye ndani ya matatu hawahi kulisoma. Kwa mafundi, sisi tunapenda "reasonable". Mshona nguo, seremala au mpaka hina akiandika hivyo, anasema bei yake inalingana na kazi ya mkono wake, na hiyo ni heshima kwa pande zote mbili.

Tunaona pia "cheap prices" kwenye mabango mengi mjini. Kwa Kiingereza fasaha, bidhaa ndiyo huwa "cheap". Bei huwa "low". Sisi husema bidhaa rahisi na bei rahisi bila kubagua, na hapo ndipo mkono unapoteleza. Tuandikie "low prices".

Ukija, leta bidhaa au picha yake kwenye simu, na utuambie unamuuzia nani. Kama ni wageni wa hoteli za Shanzu, tutachagua neno pamoja. Kama ni majirani wa Majengo, huenda tukakushauri uandike "bei poa" tu. Kusoma maandishi yako kabla ya kuchapa hatutozi chochote.