Ratiba ya watoto wachanga

Busia, Uganda

Mpendwa dada Zaituni,

Assalaam aleikum. Habari za Jinja? Mama anaendeleaje na mguu? Sisi huku wazima, ila mvua imegeuza njia ya sokoni kuwa tope tupu. Mama Shamim amejifungua salama, mtoto wa kiume.

Dada, kuna jambo linaninyima usingizi. Mwenye kituo chetu cha kulelea watoto anataka chumba cha wachanga kiwe na ratiba kama ya wakubwa: saa tatu herufi, saa nne hesabu, halafu katuni za televisheni. Anasema wazazi wanalipa, lazima waone watoto wanasoma. Mtoto wa miezi mitano, Zaituni! Ule mwongozo wa serikali wa 2005 wa kufundishia watoto ni wa miaka 3 hadi 6, basi yeye anawashushia wadogo yale yale.

Mimi nataka kila mtoto awe na mpango wake. Yuko mmoja wa miezi minne, ukimlaza kifudifudi tu analia. Wiki hii kazi yake ni hiyo: kila akishabadilishwa nepi, dakika mbili tatu kwenye mkeka, nami nalala chini mbele yake, uso kwa uso, ili ajitahidi kuinua kichwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba asiyeanza kutambaa apate angalau dakika 30 kwa siku za kulala hivyo akiwa macho, kidogo kidogo. Televisheni chini ya mwaka mmoja hawaishauri kabisa. Yule wa miezi tisa namfichia kijiko chini ya kitenge, anakivuta mpaka akipate; ameshajua kuwa kitu kikifichwa bado kipo. Huko si kusoma? Hata nepi ni somo. Namwambia, "nainua mguu huu, sasa huu," akitoa sauti nanyamaza, namjibu, naye anarudisha tena. Wanajifunza kuongea hivyo hivyo.

Na vifaa tunavyo: sufuria, mwiko, vitambaa, chupa yenye maharage ambayo kifuniko chake nimekigandisha kwa gundi. Naikagua kila asubuhi, maana haragwe moja likitoka linaweza kumkaba mtoto. Bibi muuza samaki ananifundisha nyimbo za kubembelezea za Kisamia, lugha ya huku.

Lakini mikono haitoshi. Mlezi mmoja akilisha, wengine wanabaki wamefungwa vitini, na hapo ndipo ratiba ile inaponitisha zaidi. Tukifuata saa ya ukutani tutamwamsha aliyelala akatazame herufi, na mwenye njaa angoje hesabu iishe. Nimemwambia mwenye kituo sitaweza. Amesema wazazi ndio wataamua, kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana nakuandikia. Lile daftari ulilokuwa ukiandika kila mtoto amefanya nini, bado unalo? Ulijaza kila siku au mara moja kwa wiki? Wazazi wa huko walipodai herufi, uliwaonyesha nini wakaridhika? Na wale akina baba wasioingia ndani, wanaomkabidhi mtoto mlangoni na kuondoka, uliwapataje? Unaweza kuja siku ya mkutano uongee nao mwenyewe? Wewe wanakuheshimu. Nauli nitakutumia kwa simu.

Nijibu upesi, hata kwa mistari miwili.

Wako,
Hadija