Jina la kwanza si lazima liwe la mwigizaji mkuu

Mhariri,

Kurasa za burudani zinapotambulisha tamthilia mpya, mara nyingi huandika kwamba aliyetajwa kwanza kwenye utangulizi ndiye mwigizaji mkuu. Naomba nafasi nieleze kwa nini usomaji huo unapotosha. Mpangilio wa majina yale huamuliwa kwenye mkataba, muda mrefu kabla mhariri wa picha hajakaa mezani.

Chukua Friends, iliyorushwa Marekani kuanzia 1994 hadi 2004. Jennifer Aniston anatangulia, David Schwimmer anafunga. Hapo hakuna cheo, ni alfabeti tu ya majina ya ukoo: Aniston, Cox, Kudrow, LeBlanc, Perry, Schwimmer. Waigizaji hao walihesabiwa sawa, na hata mishahara walifika kuijadili kwa pamoja. Dallas nayo ilifuata alfabeti. Patrick Duffy alimtangulia Larry Hagman, ingawa Hagman ndiye aliyeigiza J.R., mhusika aliyevuma kuliko wote. Kila mwigizaji alipewa skrini nzima, imegawanywa vipande vitatu vilivyosimama wima, kila kipande kikimwonyesha kwa picha tofauti.

Alfabeti isipotumika, nafasi ya kwanza humwendea anayebeba hadithi au mwenye mkataba wenye nguvu. Kwenye Game of Thrones msimu wa kwanza, 2011, jina la Sean Bean lilitangulia. Msimu wa pili nafasi hiyo akaipata Peter Dinklage. Lakini nafasi ya mwisho nayo ina heshima yake, hasa jina la mwigizaji linapoandikwa pamoja na la mhusika. Lost in Space ilipoanza 1965, waigizaji wengine walikwisha kuafikiana nafasi zao kabla ya Jonathan Harris kuingia. Akakubali kutajwa mwisho, kama mgeni maalumu, na akabaki “mgeni” hadi tamthilia ilipokwisha 1968. Heather Locklear naye alitajwa hivyo kwenye Melrose Place kuanzia 1993 hadi 1999. Anayedhani neno hilo humaanisha mpita njia, amekosea.

Tunapoandika majina kwa Kiswahili, hapa ndipo tunapojikwaa. Waandishi wa Kiingereza wana viungo viwili: “with” hufungua kundi la majina ya mwishomwisho, “and” hubeba jina la mwisho kabisa. Sisi vyote viwili tunavitafsiri “na”, tofauti ikafutika. Pendekezo langu ni kuandika “wakishirikiana na” kwa lile kundi, kisha “na” iliyosimama peke yake, ikifuatwa na jina la mwigizaji, neno “kama”, na jina la mhusika.

Alfabeti pia haiwezi kuhamishwa kwetu kama ilivyo. Kwa wengi wetu jina la pili ni la baba, si la ukoo. Zainabu Athumani akipangwa kwa jina la pili atakuwa wa kwanza, akipangwa kwa jina lake mwenyewe atakuwa wa mwisho. Anayejulikana kwa jina la kisanii tu hana hata hilo la pili. Panga kwa jina la kwanza kama linavyoandikwa kwenye skrini, na waigizaji wote waelezwe hivyo kabla ya kutia saini.

Mkataba utaje mambo manne: nafasi ya jina, kama litakaa peke yake au pamoja na jingine, ukubwa wa herufi ukilinganishwa na wengine, na kama litaonekana kila kipindi au pale tu mwigizaji anapokuwamo. Hilo la nne husahaulika sana, kisha huleta ugomvi katikati ya msimu.

Kwenye kuhariri, jina moja lipewe sekunde 2 hadi 3. Kwa fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 50 hadi 75. Ukishuka chini ya hapo, jina refu halisomeki. Majina mawili kwenye skrini moja yahitaji sekunde 4. Acha asilimia 5 ya skrini bila maandishi kila upande, au 10 ukitaka kuwa salama kwa televisheni za zamani, ambazo hukata kingo.

Majina ya wageni wa kipindi yawekwe juu ya tukio la kwanza la hadithi, nje ya wimbo wa utambulisho. Stesheni ikiukata wimbo ili kupata muda wa matangazo ya biashara, majina hayo hayapotei. Ila kama kurudi kwa mwigizaji ndiyo siri ya kipindi, jina lake lipelekwe mwishoni, vinginevyo mtazamaji ataijua siri kabla haijafichuliwa.

Orodha ikikamilika, ichapwe kwenye karatasi na kila mwigizaji atie saini mbele ya jina lake baada ya kulikagua herufi kwa herufi. Fatma na Fatuma, Athumani na Othman, haya hayarekebishiki tena kipindi kikiwa hewani.

Mhariri wa video,
Tanga