Umesahau paswedi ya faili la Word? Soma hapa kabla hujatuletea fleshi

Assalaam alaykum wateja wetu wa Chake, Wete, Mkoani na nyie wa Unguja mnaotutumia mafaili usiku wa manane.

Meseji inayoongoza hapa dukani, hasa wanafunzi wakikaribia kukabidhi ripoti zao za utafiti, ni hii: "fundi nimeweka paswedi kwenye faili la Word nimeisahau, shilingi ngapi kunifungulia?" Bei hatuwezi kuitaja kwa simu, na si kwamba tunaficha, ila Word ina kufuli za aina mbili na watu wote wanaziita paswedi tu, moja inaondoka chai haijapoa na nyengine inaweza isitoke kabisa hata uzunguke kwa mafundi wote wa visiwa hivi.

Ile nyepesi ni hii, faili linafunguka, maandishi unayaona yote, ila ukitaka kubadilisha kitu linakataa. Makatibu wa vikundi wanaipenda sana hii kwa katiba na fomu zao. Hapo ndani hakijafichwa kitu, imeandikwa amri tu kwamba asiye na paswedi asiguse. Faili la docx kwa ndani ni zip yenye mafaili madogo madogo, mojawapo linaitwa settings.xml, na amri yenyewe ni kijimstari kimoja humo, kikiondolewa basi yamekwisha. Na mara nyingi hata sisi hutuhitaji, lifungue kwa LibreOffice ambayo ni ya bure, au kopi maandishi yote ukayabandike kwenye faili jipya, ukatumie pesa yako kwa mambo mengine.

Ile ngumu ni inayokudai paswedi kabla hujaona hata herufi moja. Hapa maandishi yamevurugwa kwa hesabu, na paswedi yako ndo inayoyapanga upya. Ukitaka kuhakikisha kwamba ni hii, lifungue kwa programu ya 7-Zip: ukiona folda inayoitwa word ndani yake basi ni ile nyepesi, ukiona badala yake kitu jina lake linaanza na Encrypted, hapo tukae tuzungumze. Microsoft wenyewe wanasema ukiisahau hii hawana namna ya kukurudishia, kwa hiyo anayekwambia ana "mtu wake Microsoft" mwache na safari yake.

Kuna kitu kimoja cha kubahatika. Faili likiwa la zamani, lile linaloishia na doc bila x, lililofungwa kwa Word ya 97 mpaka 2003 kwa namna yake ya kawaida, kufuli yake ni dhaifu. Hatuhangaiki kutafuta paswedi, tunatafuta ufunguo wenyewe ambao Word inautengeneza kutokana na hiyo paswedi, na hata kama uliweka paswedi ndefu kama nini haisaidii kitu. Ofisi zenye mafaili ya miaka hiyo msiyatupe.

Kwa haya mapya, kuanzia Word ya 2007, hakuna njia ya pembeni, ni kukisia tu. Na Word imewekewa makusudi iwe nzito kwenye kukisiwa, kuanzia ile ya 2010 kila neno moja unalojaribu linazungushwa kwenye hesabu mara 100,000 kabla hujaambiwa ndio au sio. Tuseme mashine inajaribu maneno 1,000 kwa sekunde. Paswedi ya herufi ndogo nane tupu, bila namba, ina michanganyiko zaidi ya bilioni 208, hiyo ni zaidi ya miaka 6 kuimaliza yote, na umeme wetu huu! (Umeme ukikatika programu inaendelea ilipoishia, hilo msiwe na wasiwasi.) Lakini ukituambia "mie huwa natumia jina la mtoto na mwaka", ukatuandikia majina 50 ya watoto, wajukuu, timu na mitaa, kila jina tukalibandika namba nne nyuma, kuanzia 0000 mpaka 9999, hiyo ni michanganyiko 500,000, dakika nane tu tumemaliza. Kwa hiyo mkituona tunauliza maswali kama tunaposa msitushangae, kichwa chako kinatusaidia kuliko mashine yetu. Tuambie paswedi zako za zamani unazianzaje, unapenda kuweka alama gani mwisho, unaandika Khamis au Hamisi.

Halafu jaribu hili nyumbani kwanza, maana linatokea mno kwa walimu wa madrasa na wote wanaoandika Kiswahili na Kiarabu kwenye laptopu moja. Pale pa kuweka paswedi huoni herufi, unaona nukta tu. Kama kibodi ilikuwa imebaki kwenye Kiarabu basi uliandika Kiarabu bila kujua, na leo unaandika paswedi sahihi kabisa inakataa. Bonyeza Alt na Shift pamoja, uandike tena vile vile. Kapslok nayo iangalie, Word inatofautisha herufi kubwa na ndogo.

Na kabla ya yote tafuta kopi. Ulimtumia msimamizi wako kwa imeli kabla hujalifunga? Ulilipeleka kuprintiwa mahali? Kwenye OneDrive unaweza kurudi kwenye toleo la nyuma la faili hilo hilo. Tumeshaona watu wanaumia roho wiki nzima na kopi imelala kwenye WhatsApp ya shemeji yao.

Zile saiti zinazosema pandisha faili tukufungulie bure, kama ndani mna mkataba wa nyumba au karatasi za mirathi usithubutu. Sisi tunatoa kijipande kidogo tu cha faili, hicho ndo tunachokipa programu ya kukisia paswedi kama hashcat, maandishi yako hayahusiki mpaka paswedi ipatikane.

Faili la bosi, la mume au la mtihani wa skuli hatufungui, tunauliza na tunataka tuone kwamba ni lako, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi bara na Zanzibar pia na duka letu bado tunalitaka.

Msitutumie laptopu kwa boti jamani, faili lenyewe linatosha, na asili yake ibaki kwako. Kuangalia ni kufuli gani ni bure, bei tunakubaliana baada ya hapo, na ikishindikana hulipi ya kufungua. Ijumaa tunafunga saa sita kwa ajili ya sala, tunarudi saa nane.