Anayeshika daftari la jina lako

Mhariri,

Makala za kuwausia wasomaji walinde majina yao hazikauki magazetini, na karibu zote humtwisha mzigo mtu mwenyewe: awe mkweli, atimize ahadi, mengine yatajipa. Wosia mzuri, lakini umeishia nusu. Jina la mtu halikai kwake. Linakaa vichwani mwa wengine, kwenye mafaili yao na simu zao, na namna wanavyolitunza ndiyo humsukuma mwenye jina achague hili na aache lile.

Tunapenda kusema chema chajiuza. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alionyesha, kwa mfano wa magari yaliyotumika, jinsi chema kinavyoweza kukosa mnunuzi kabisa. Mnunuzi hajui gari lipi zima na lipi bovu, kwa hiyo anataja bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona hasara, anaondoka nalo. Sokoni yanabaki mabovu, bei inashuka tena, na wenye magari ya afadhali nao wanajitoa. Fundi hodari na fundi kanjanja wakisimama mbele ya mteja mgeni hali ni hiyo hiyo, kwani maneno yao yanafanana. Kinachomwokoa hodari ni mtu wa tatu wa kusema, "Huyu nimeshamtumia."

Thamani ya neno hilo imewahi kupimwa. Watafiti wakiongozwa na Paul Resnick walishirikiana na muuzaji wa kadi za posta za zamani kwenye eBay, soko la mnada la mtandaoni. Kadi zinazofanana ziliuzwa nyingine kwa akaunti yake ya siku zote, nyingine kwa akaunti mpya zisizo na historia. Akaunti yenye jina ilipata takriban asilimia 8 zaidi. Ndiyo maana muuzaji wa namna hiyo harubuniki kirahisi na faida ya siku moja: akimdhulumu mteja mmoja, anaiweka rehani nyongeza hiyo kwenye mauzo yote yajayo.

Hesabu hiyo husimama juu ya mafiga matatu. Mtu atambulike, alilotenda limfikie atakayeshughulika naye baadaye, na hiyo baadaye iwepo. Figa moja likiondoka, hata mtu mwadilifu huanza kulegea. Mtazame mfanyakazi aliyekwisha andika barua ya kuacha kazi. Wiki zake za mwisho hazina kesho pale ofisini, na ndizo wiki ambazo mafaili hupotea, nywila hazikabidhiwi na orodha ya vifaa hailingani na stoo. Kumhubiria haisaidii sana. Mrudishie kesho yake: mwambie mapema kwamba barua ya utambulisho itaandikwa baada ya makabidhiano kukaguliwa na kusainiwa, na kwamba itataja yalivyokwenda.

Daftari likitunzwa vibaya, nalo huzaa uchaguzi mbaya. Kwenye eBay, muuzaji na mnunuzi walikuwa wakipeana alama waziwazi. Mnunuzi akilalamika, muuzaji alimlipizia kwa alama mbaya, basi wengi wakanyamaza au wakasifu wasichokipenda. Mwaka 2008 kampuni iliwaondolea wauzaji uwezo wa kumpa mnunuzi alama mbaya. Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba na vyumba kwa wageni, ilichukua njia nyingine mwaka 2014: maoni ya mwenyeji na ya mgeni hayaonekani mpaka wote wawili wawe wameandika, au siku 14 zipite. Ofisi zinazowapima wakuu na wasaidizi wao kwa fomu zingefanya vyema kuiga hilo. Fomu zikusanywe zote kwanza, ndipo yeyote asomewe yake.

Mfano mzito zaidi unatoka hospitalini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, majimbo ya New York na Pennsylvania nchini Marekani yalianza kutangaza viwango vya vifo vya wagonjwa wa upasuaji wa mishipa ya moyo, hospitali kwa hospitali na daktari kwa daktari. Nia ilikuwa njema, na wapo watafiti walioona vifo vikipungua. Lakini uchunguzi wa David Dranove na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha upande mwingine: madaktari na hospitali walianza kuchagua wagonjwa, na waliokuwa na hali mbaya zaidi ndio walioumia. Takwimu zilirekebishwa kufuata ukali wa ugonjwa, ila daktari huona kitandani mambo ambayo fomu haina nafasi ya kuyaandika. Akijua kwamba mgonjwa fulani ni hatari kuliko karatasi inavyosema, njia rahisi ya kulinda jina ni kumkataa. Mwalimu anayepimwa kwa wastani wa darasa, wakili anayehesabiwa kesi alizoshinda, mkopeshaji anayehesabiwa madeni mabovu: wote wako kwenye mtego huo. Ukisikia mtu anajivunia kwamba hajawahi kushindwa, uliza kwanza alikataa kazi zipi.

Kwa hiyo anayeulizia sifa za mtu asitafute rekodi safi peke yake. Kwenye ajira, swali baya kuliko yote kwa mdhamini ni "Je, ni mtu mzuri?" Jibu lake linajulikana kabla simu haijapokelewa. Pigeni simu badala ya kutegemea barua, maana barua haina kigugumizi. Maswali matatu yanatosha. Alifanya kazi gani hasa, kuanzia lini mpaka lini? Nitajie jambo moja lililoharibika mikononi mwake, na alifanya nini siku ile ile? Ungemwajiri tena kwa kazi hii hii? La tatu likijibiwa kwa kuzunguka, rudini kwenye la pili. Na katika wadhamini watatu, angalau mmoja awe aliwahi kuwa chini ya mwombaji. Bosi anaijua kazi iliyofika mezani kwake. Aliyesimamiwa anajua ilifikaje huko.

Kwa aliyekosea, neno ni fupi. Aliyeathirika asikie kutoka kwako kabla hajasikia kwa wengine. Mwambie nini kimetokea, kimemgharimu nani, umekwisha fanya nini, na siku gani utamletea taarifa nyingine. Wengi huharibu kwa kutanguliza nia: "Sikukusudia." Mwenye hasara hajauliza ulikusudia nini. Siku uliyoitaja ikifika, nenda hata kama huna jipya, kwa sababu ahadi hiyo ndogo ndiyo ya kwanza kuandikwa kwenye ukurasa wako mpya.

Linabaki suala la muda, na hapa ninyi wahariri mnahusika. Doa lisilofutika humwondolea mtu sababu ya kujirekebisha. Akishaona jina halina cha kuokolewa, hana anachokiogopa. Wanaotunza kumbukumbu za mikopo wamelielewa hilo. Marekani, kwa mfano, sheria inataka taarifa mbaya nyingi ziondolewe kwenye ripoti ya mkopaji baada ya miaka 7, na za kufilisika zisizidi miaka 10. Magazeti hayana ukomo wa namna hiyo, na zamani hayakuuhitaji, kwa kuwa gazeti la juzi lilifungia vitu. Sasa habari ya miaka 15 iliyopita inaibuka kwa sekunde moja mtu akiandika jina kwenye mtambo wa kutafuta. Tarehe 13 Mei 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la raia wa Hispania ambaye jina lake lilikuwa likileta matangazo ya mwaka 1998 ya mnada wa mali kwa ajili ya deni lililokwisha malizwa. Mahakama ilisema mwendesha mtambo wa kutafuta anaweza kutakiwa kuondoa viungo vya namna hiyo. Kurasa za gazeti lenyewe zilibaki.

Sidai mfute kurasa. Historia ikianza kufutwa kwa maombi, wenye nguvu watakuwa wa kwanza kupanga foleni. Ombi langu ni dogo: kila habari ya mtandaoni inayomtaja mtu kuwa mshtakiwa au mtuhumiwa iongezewe mistari miwili juu kabisa, shauri likiisha, yenye tarehe na uamuzi: ameachiwa, ametiwa hatiani, rufaa imeshinda. Ifanyike hata kama mhusika hajaomba, maana asiye na wakili hajui kama anaruhusiwa kuomba. Kazi hiyo inahitaji mtu mmoja mwenye orodha ya mashauri mliyoyaripoti na siku maalumu kila mwezi ya kuipitia mahakamani. Je, chumba chenu cha habari kina mtu huyo?

Ofisa ajira, msomaji wenu