Tusilime udongo ungali tope

Mhariri,

Naomba nafasi niwaonye wenye bustani za mboga nyuma ya nyumba. Masika yakianza tu, majembe hutoka kesho yake asubuhi kwa kuwa ardhi imelainika. Bustani huharibikia hapo, mbegu haijagusa ardhi. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa ungali tope, chembe zake hugandamana, nafasi za hewa huziba, na jua likiwaka siku mbili tatu yanabaki mabonge magumu kama tofali. Mzizi haupenyi.

Kipimo ni mkono. Chota udongo wa kina cha sentimita 15, ufinyange uwe donge, ulibonyeze kwa kidole gumba. Likimomonyoka, lima. Likinyumbuka na kung'aa kama donge la chapati, rudisha jembe ndani, na usipakanyage.

Wapo wanaomwaga toroli moja la mchanga ili kulegeza mfinyanzi. Mchanga kidogo hausaidii, huweza hata kuukaza. Weka samadi iliyooza au mboji, ndoo ya lita 20 kwa kila mita ya mraba. Kisha inua matuta ya kimo cha sentimita 30 na upana wa mita 1, mkono ufike katikati bila mguu kupanda. Mifereji iwe na pa kutolea maji, la sivyo umechimba bwawa.

Mchicha usimwage ovyo, mvua moja kubwa huzoa mbegu zote. Sia kwa mistari, sentimita 20 kutoka mstari hadi mstari. Kitaluni, miche ikibanana ugonjwa wa kinyausi huingia: shina hunywea usawa wa udongo, mche unalala ungali kijani. Ipunguze mapema na uondoe kivuli kizito. Nyanya za masika, kwa kweli, simshauri anayeanza, maana ugonjwa wa bakajani chelewa humaliza shamba kwa siku chache. Matembele huvumilia unyevu vizuri zaidi.

Linaloniuma zaidi ni hili: mboga hunyauka mchana, mwenyewe akakimbilia ndoo ya maji, kumbe udongo umelowa chepechepe. Ng'oa mche mmoja utazame. Mizizi myeupe ni mizima. Ya kahawia, inayonuka na kuchunika ukiivuta, imekosa hewa ikaoza. Zibua mfereji siku hiyohiyo. Mbolea ya urea isubiri mpaka majani mapya yachomoze, kwani mizizi iliyooza haiwezi kuila na mvua itaisomba yote.

Mkulima wa mboga,
Morogoro