Permesso, yaani hodi

Torino

Rafiki yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo!

Nimefurahi kusikia viza imetoka, na kwamba ni ile ya aina D, ya motivi religiosi, yaani sababu za kidini. Umeuliza neno gani la Kiitaliano ulijue kabla hujapanda ndege. Jifunze "permesso". Maana yake ni ruhusa, lakini hasa ni neno la mtu aliyesimama mlangoni: ndiyo hodi yao. Mwenyeji hujibu "avanti" au "prego", nawe unaingia. Hata mlango ukiwa wazi na mwenye nyumba keshakuita, bado unalitamka unapovuka kizingiti. Neno hilohilo ndilo jina la karatasi itakayokuhangaisha wiki ya kwanza, permesso di soggiorno, kibali cha kuishi. Hodi mbili, basi: moja kwa watu, moja kwa serikali. Nianze na serikali, maana yenyewe inahesabu siku.

Sheria inakupa siku nane za kazi tangu uingie Italia uwe umeomba kibali. Wageni huzimaliza kwa kupumzika uchovu, kutembezwa mjini na kumsubiri mkuu wa jumuiya arudi safarini. Wewe siku ya pili au ya tatu uwe posta. Si kila posta inafaa. Tafuta yenye dirisha linaloitwa Sportello Amico, useme unataka "il kit per il permesso di soggiorno". Utapewa bure bahasha kubwa yenye mstari wa njano. Ndani kuna fomu mbili. Mtawa anayetunzwa na shirika lake hujaza Modulo 1; ile ya pili inahusu wenye kipato chao. Tumia kalamu nyeusi, herufi kubwa, kila herufi na kisanduku chake.

Utaambatanisha nakala ya pasipoti (kurasa zenye taarifa zako, viza na mihuri), nakala ya bima ya afya, na barua ya mkuu wa jumuiya inayoeleza unakuja kufanya kazi gani na kwamba shirika ndilo litakalokulisha na kukulaza. Barua hii ndiyo inayokwamisha watu. Haitoshi kuwa na sahihi ya mkuu. Lazima ithibitishwe na Curia, yaani ofisi ya Askofu wa jimbo, na Curia nayo ina siku zake za kupokea watu. Mwandikie mkuu leo aipeleke kabla hujafika. Ukisubiri uwasili ndipo ianze kutafutwa, siku nne kati ya zile nane zimekwenda.

Pesa ni hivi. Stempu ya serikali, marca da bollo, ni euro 16, nayo inauzwa tabaccheria, yale maduka yenye herufi kubwa T juu ya mlango; unaibandika kwenye fomu. Kisha kuna hati ya malipo iitwayo bollettino: euro 30.46 za kadi yenyewe, ukijumlisha euro 40 kama kibali ni cha miezi mitatu hadi mwaka mmoja, au 50 kama ni cha mwaka mmoja hadi miwili. Zote zinalipwa pamoja kwenye bollettino moja. Mwisho unampa karani euro 30 siku ya kukabidhi. Kwa kibali cha mwaka mmoja jumla ni euro 116.46, ukiacha ada ndogo ya posta.

Usiifunge bahasha! Karani hana budi kuhesabu karatasi na kuiona pasipoti halisi, kwa hiyo bahasha iliyogundishwa nyumbani kwa nia njema itachanwa mbele yako. Akimaliza atakupa risiti, ricevuta, na karatasi ya miadi ya Questura, ofisi ya polisi inayoshughulikia wageni. Risiti hiyo pamoja na pasipoti ndiyo ushahidi wako kwa miezi kadhaa, maana kadi haitoki upesi. Itoe nakala mbili, halisi usiikunje hovyo. Na ukiwa na risiti peke yake, usikate tiketi ya kupitia Amsterdam au Frankfurt. Risiti ya Italia haikupi haki ya kupita nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zenye viza ya pamoja.

Hapa kuna mtego wa sisi Waswahili peke yetu: saa. Miadi imeandikwa "ore 9.12", nayo ni saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, wala usicheke hizo dakika, ndivyo wanavyopanga foleni. "Alle tre" ni saa tisa alasiri. "Alle sette di sera" ni saa moja jioni. Ukiwa mzima kichwani utageuza bila shida, lakini mtu akichoka husikia "tre" na akili ikamletea saa tatu, akakosa Misa au basi. Kwa mwezi wa kwanza andika miadi kwa tarakimu zao, usitafsiri, kisha tazama simu. Questura uende na picha nne za pasipoti zenye nyuma nyeupe, karatasi zote halisi, na kitabu cha kusoma. Watachukua alama za vidole. Umefika mapema haina maana utaitwa mapema.

Kuna tatizo dogo la jina ambalo watawa hulisahau. Jina lako la utawa halimo kwenye pasipoti, na serikali inalijua la pasipoti tu. Barua ya kusajiliwa, raccomandata, ikija kwa jina la ukoo, sista wa mapokezi atamwambia mtu wa posta kwa moyo safi kabisa kwamba humu hakuna mtu huyo. Kama bahati ipo, ataacha kikaratasi na barua itakaa posta siku 30; ikipita hapo inarudi ilikotoka. Siku ya kwanza andika jina la pasipoti kwenye kipande cha karatasi, ulibandike pale mapokezi.

Jina hilohilo ndilo litakalotengeneza codice fiscale, namba ya kodi inayoombwa kila mahali, hata ukitaka laini ya simu. Hutolewa bure na Agenzia delle Entrate, ofisi ya kodi. Ina tarakimu na herufi 16: tatu kutoka jina la ukoo, tatu kutoka jina lako, mwaka, herufi ya mwezi, siku ya kuzaliwa, alama nne za mahali ulipozaliwa (za nje ya Italia huanza na Z) na herufi moja ya kuhakiki. Ukiona siku yako ya kuzaliwa imeandikwa 52, usikimbilie kulalamika kwamba wamekosea. Kwa wanawake wanaongeza 40, kwa hiyo aliyezaliwa tarehe 12 anakuwa 52.

Basi, yatosha ya serikali.

Lugha utaipenda, na mdomo wako umeshaiandaa. Maneno mengi huishia na irabu kama yetu, na irabu zenyewe hutamkwa karibu vilevile. Yanayotukwaza ni machache. "C" mbele ya e au i ni ch yetu, ila "ch" yao ni k: chi hutamkwa "ki", che hutamkwa "ke". "Gn" ni ny: bagno ni "banyo", nayo ni choo na bafu. Kinachotushinda kweli ni konsonanti mbili. Sete ni kiu, sette ni saba. Capello ni unywele, cappello ni kofia. Na ukitaja umri wako, tafadhali ikaze ile n ya "anni". Ukiilegeza umetaja sehemu ya mwili isiyotajwa mbele ya Baba Askofu.

Shikamoo hawana, lakini heshima wanayo, imejificha kwenye kitenzi. Mtu mzima au usiyemjua humwambii "tu", unamwambia "Lei", na kitenzi kinakwenda nafsi ya tatu: "Come sta?" Ni kama kumuuliza bibi mwenyewe, "Bibi ameamkaje?" "Ciao" ni ya wenzako na watoto. Dukani na kwenye ngazi sema "buongiorno", na kuanzia alasiri "buonasera". Padre wa jimbo anaitwa Don na jina lake la kwanza. Padre wa shirika ni Padre. Wewe utakuwa Suor na jina lako. "Suora" hutumika jina lisipofuata.

Kanisani utakuta mambo mafupi na kimya. Hakuna vigelegele, matoleo hayachezwi, na wengi kwenye mabenchi ni wazee. Usiwahukumu kwa ukimya wao. Angalizo moja: vitabu vya sala vya zamani bado vimejaa makabatini, na maneno yalibadilika Misale mpya ya Kiitaliano ilipoanza kutumika, mwishoni mwa 2020. Katika Baba Yetu sasa husema "e non abbandonarci alla tentazione", si "non ci indurre" tena. Kwenye Nakuungamia kumeongezwa "sorelle" (akina dada) baada ya "fratelli" (ndugu). Na Utukufu nao umeguswa. Ukijifunzia kwenye kijitabu ulichorithi kwa sista aliyesoma huku zamani, utasikika peke yako.

Chakula. Asubuhi ni kahawa na biskuti au mkate mkavu, basi. Usisubiri chai ya maziwa na maandazi. Mchana, saa saba hivi, inakuja kwanza pasta, gramu 80 hadi 100 kwa mtu. Mgeni huiona ndogo, anaomba nyongeza, anashiba, halafu nyama inaletwa. Ile pasta ilikuwa "primo" tu. Bakiza nafasi ya "secondo" na mboga. Zamu yako ya kupika ikifika: lita moja ya maji kwa kila gramu 100 za pasta, gramu 10 hivi za chumvi maji yakishachemka, na muda ni ule ulioandikwa kwenye pakiti. Makosa yetu ni kuipika mpaka ilainike kama uji. Wanaita "scotta", na watakula kwa upendo huku wakiteseka.

Ugali wao ni polenta, unga wa mahindi ya njano uliosagwa chengachenga, gramu 250 kwa lita ya maji, unakorogwa dakika 40 au zaidi, nao hubaki laini kuliko wetu. Ule wa pakiti unaoiva kwa dakika tano usiujaribu kusongea ugali, umekwisha kupikwa kiwandani na haushikani. Tafuta unga mweupe laini soko la Porta Palazzo, kwenye maduka ya Waafrika pembeni yake. Mchicha ukiukosa, bietole, mboga yao ya majani, zilizokatwakatwa na kuungwa na kitunguu zinakaribia.

Baridi usiiogope kuliko inavyostahili, ila uielewe. Torino iko chini ya milima ya Alpi na ukungu wa Novemba hukaa. Mabomba ya joto ndani ya nyumba huwashwa kisheria kuanzia 15 Oktoba hadi 15 Aprili, si zaidi ya saa 14 kwa siku, kwa hiyo usiku chumba hupoa. Wao huvaa "a cipolla", kama kitunguu, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu nje kuna sifuri na ndani ya tramu unatokwa jasho. Sweta moja nene sana ni hasara. Dirisha lifungue dakika kumi kila asubuhi hata ukitetemeka; ukianika nguo chumbani na kufunga kila kitu, ukuta utaota ukungu mweusi. Bidet, lile beseni la chini utakalolikuta bafuni, ni ya kunawia baada ya choo, na sheria ya 1975 ndiyo inayotaka kila nyumba iwe nayo. Watu wa pwani hawataona ajabu.

Tiketi ya tramu ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine ukipanda. Tiketi mfukoni isiyogongwa, mbele ya mkaguzi, ni sawa na kutokuwa nayo.

Mizigo: nyama kavu, samli na maziwa vitachukuliwa uwanja wa ndege, sheria za Ulaya haziviruhusu. Dagaa waliokaushwa wanaruhusiwa, asali pia mpaka kilo mbili. Mchicha mbichi na maembe acha. Leta kibadilishi cha plagi, maana yetu ya meno matatu bapa haiingii. Umeme wenyewe ni uleule.

Ukipata asubuhi moja, nenda Santuario della Consolata, katikati ya mji. Giuseppe Allamano alikuwa mkuu wa patakatifu hapo tangu 1880 hadi alipofariki 1926, na kutoka mji huu aliwatuma wanne wa kwanza waliofika Tuthu, Kenya, Juni 1902; Tosamaganga yetu ya Iringa ikafuata 1919. Ametangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Nao hao wanne walianza kwa kutojua lugha.

Ukianza kutembelea wazee, mlango wa mtaani utakuwa umefungwa na pembeni kuna citofono, kengele ya kuongelea, yenye vitufe na majina ya ukoo. Bonyeza mara moja, subiri. Wazee wanachelewa kufika. Sauti itauliza "Chi è?", yaani nani? Usijibu "mimi". Sema "Sono Suor" na jina lako, "della parrocchia" (wa parokia), kwa sauti ya juu kidogo, maana barabarani kuna kelele. Utasikia mlio, sukuma mlango papo hapo, ni mzito na mlio haudumu. Panda ngazi. Juu, mlango utakuwa umeachwa nusu wazi, na pale ndipo unaposema lile neno.

Niandikie tarehe ya ndege na uwanja, Caselle au Malpensa, nijue atakayekupokea.

Wako katika Kristo,
Dada yako wa Torino