Mgonjwa wa jongo msimnyime maharage

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wale wanaowaambia wagonjwa wa jongo, au gauti, ugonjwa wa kuvimba na kuuma viungo, kwamba wamejitakia kwa nyama choma na bia.

Baba yangu hajawahi kunywa pombe. Usiku ugonjwa ulipomshika mara ya kwanza, kidole gumba cha mguu kilivimba kikang'aa, na upindo wa shuka ukikigusa tu alipiga kelele. Majirani wakamshauri aache nyama. Akaacha, na maharage na mchicha pia. Mwaka mzima wali kwa kabichi. Akakonda, na kidole kikavimba vilevile.

Hakuna aliyemweleza kwamba purini, kemikali ambazo mwili huzigeuza asidi ya yuriki inayoleta jongo, haziji kwa chakula peke yake. Zimo katika kila seli yetu, na seli zikichakaa mwili huzivunja purini hizo zikawa asidi ya yuriki. Takriban theluthi mbili ya asidi hiyo ni ya mwili wenyewe. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi. Binadamu hatuna, tunategemea hasa figo ziitoe kwenye mkojo. Zisipoitoa ya kutosha, hurundikana, na ikizidi miligramu 6.8 hivi kwa desilita ya damu inaweza kuganda iwe fuwele kama sindano, hasa kwenye viungo vyenye ubaridi kama kidole cha mguu.

Kwa baba, kumbe vidonge vyake vya presha, vile vya kukojoza, vilikuwa vinazuia asidi isitoke. Daktari akavibadilisha, akamwanzishia alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, ya kunywa kila siku hata kama hakuna maumivu.

Sisemi maini, dagaa na bia havina neno. Vinaongeza asidi, na soda za sukari nazo. Ila maharage na mchicha, licha ya purini zake, havijaonekana kuleta jongo.

Kinachoniuma zaidi ni diklofenaki aliyokuwa akiuziwa dukani kila maumivu yaliporudi, bila kupimwa. Hutuliza maumivu, haishushi asidi, na ikinywewa ovyo huumiza figo zilezile tunazozitegemea. Hata alipopimwa, alipimwa siku ya maumivu makali, akaambiwa asidi iko sawa, akarudi nyumbani akichechemea. Siku hiyo kipimo kinaweza kudanganya. Wahudumu wetu wawaambie wagonjwa warudi kupimwa wiki mbili baada ya maumivu kutulia.

Msomaji wako,
Morogoro